Kuzifya Mwisho

Wazee walisema kwamba mwanzo wa ngoma ni lele. Ni kweli, na methali hiyo inatufundisha kuwa na macho mapema. Lakini mimi leo nataka kuzungumzia upande wa pili wa ngoma, yaani namna inavyokwisha. Mtu anaweza kusikiliza hadithi usiku kucha, akacheka, akashika tama, akasahau hata kuchochea moto, kisha msimulizi akaja kuiharibu kwa maneno kumi ya mwisho. Likitokea jambo hilo, msikilizaji hasemi kwamba maneno kumi yale ndiyo mabaya. Husema ameibiwa usiku mzima.

Sisi wa Usambara tunayo hadithi moja kubwa tunayoipenda kuliko zote. Mtoto wa Kwai, kama alivyo mtoto wa Mlalo, wa Bumbuli au wa Soni, huipata kabla hajajua kusoma. Ni hadithi ya Mbega mwindaji na ufalme wa Wakilindi. Mwanzo wake hauna mfano. Mwisho wake haujapata kuturidhisha, na ndiyo maana kila msimulizi huukwepa kwa namna yake. Katika kurasa hizi nataka kutazama jinsi mwisho huo ulivyokuwa, jinsi watu mbalimbali walivyojaribu kuutengeneza, na ni njia gani ya kuutengeneza ambayo ni ya haki.

Kabla sijafika huko, msomaji aniruhusu nipite njia ya mbali kidogo, maana wakati mwingine jambo la nyumbani huonekana vizuri zaidi mtu akilitazama kutoka kilima cha ng'ambo.

Mpwa wangu mmoja, anayeishi Dar es Salaam, ni mpenzi wa michezo ya video. Yeye ndiye aliyenieleza habari za mchezo uitwao Mass Effect, uliotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, nchini Kanada. Ulitoka kwa sehemu tatu: ya kwanza mwaka 2007, ya pili 2010 na ya tatu Machi 2012. Ni hadithi ya kubuni ya zama zijazo, wakati wanadamu wanasafiri baina ya nyota na kuishi pamoja na viumbe wa aina nyingine. Mchezaji huwa Kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke kwa kadiri apendavyo, na kazi yake ni kuzuia mashine kubwa mno ambazo kila baada ya miaka 50,000 huja kuvuna viumbe wote wenye akili, kama mkulima anavyovuna mahindi.

Kilichowavutia watu si vita peke yake. Mchezaji alikuwa akiamua mambo: nani aokolewe na nani aachwe, taifa gani lisamehewe, rafiki gani aaminiwe. Maamuzi aliyoyafanya katika sehemu ya kwanza yaliweza kuchukuliwa hadi ya pili na ya tatu. Mtu aliyemwacha mwenzake afe mwaka 2007 alikuwa bado hana mwenzake huyo mwaka 2012. Kwa hiyo kila mchezaji aliihesabu hadithi ile kuwa yake mwenyewe.

Kisha ukaja mwisho. Kamanda, akiwa na majeraha, anakutana na roho ya mitambo iliyojivika umbo la mtoto, naye anapewa njia tatu: kuziangamiza mashine, kuzitawala, au kuunganisha viumbe hai na mashine kuwa kitu kimoja. Achague ipi, picha zilizofuata zilikuwa karibu sawa, ila rangi ya mwanga tu ndiyo iliyobadilika: nyekundu, buluu au kijani. Hadithi ikakatika hapo. Wale rafiki wa miaka mitano wamekuwaje? Yale mataifa yaliyopatanishwa kwa shida yamepata nini? Hakuna jibu.

Wapenzi wa mchezo huo walikasirika, lakini wengi wao walionyesha hasira kwa akili. Walichanga fedha kwa jina la madai yao, zaidi ya dola 80,000 za Kimarekani, wakazitoa kwa shirika linalosaidia watoto walio hospitalini. Wengine waliwapelekea watengenezaji keki ndogo zipatazo 400 zenye rangi tatu zile, nyekundu, buluu na kijani, zote zikiwa na ladha moja. Sidhani kama kuna msusaji aliyewahi kutoa hukumu fupi na wazi kuliko ile ya keki.

Tarehe 26 Juni 2012 kampuni ilitoa nyongeza ya bure. Nayo haikuufuta mwisho wa kwanza. Njia tatu zilibaki, na ikaongezwa ya nne, ya kukataa zote, ambayo huleta kushindwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtazamaji alielezwa: huyu alirudi kwao, wale walijenga upya, yule alikumbukwa hivi. Nilimwuliza mpwa wangu kama alitaka Kamanda asife. Akanijibu, "Hapana, Mjomba. Mimi sikulalamika kwa sababu amekufa. Nililalamika kwa sababu yote niliyoyafanya hayakuulizwa."

Maneno hayo nimeyaweka moyoni, na nitayarudia.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika maporomoko ya maji ya Uswisi, kwa kuwa alikuwa amechoka naye. Wasomaji hawakukubali, na mwaka 1903 mwandishi alilazimika kumrudisha akiwa hai, kwa maelezo kwamba hakuanguka kamwe. Zamani zaidi, mwaka 1681, Nahum Tate wa Uingereza aliichukua tamthilia ya Shakespeare ya Mfalme Lear, ambayo humalizika kwa vifo vya mzee yule na binti yake mwema, akaibadili. Katika toleo la Tate binti anaishi na kuolewa, na mfalme anarudishiwa kiti chake. Waingereza waliitazama tamthilia hiyo iliyotiwa sukari kwa takriban miaka 150, hadi mwaka 1838 ambapo mwigizaji William Macready alirudisha jukwaani tamthilia kama Shakespeare alivyoiandika.

Basi tunaona kwamba kuna njia mbili za kutengeneza mwisho. Moja ni kujaza: kueleza yaliyorukwa, pasipo kuyafuta yaliyotukia. Nyingine ni kugeuza: kumfufua aliyekufa na kumrudisha mfalme kitini. Msomaji azishike njia hizo mbili, maana sasa tunarudi nyumbani Usambara, na tutazikuta zote.

Hadithi yetu huanza huko Nguu. Mbega alizaliwa kigego, meno yake ya juu yakitangulia kuota, na kwa hiyo alihesabiwa kuwa mtoto wa mkosi. Ndugu zake walimkataa urithi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki yake, akaishi porini kwa kuwinda nguruwe mwitu, akahama hapa na pale, hata akaingia milima ya Usambara. Wasambaa walikuwa wakulima wenye chakula cha shamba lakini nyama adimu. Yeye alikuwa na nyama tele, wala hakuwa na shamba. Akawapa nyama, wakampa chakula. Akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akaua simba, akaamua kesi zao kwa haki. Nao wakampa mke, na mwishowe wakampa nchi, akakaa Vuga. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa mkosi akawa Simba Mwene. Hayo yalikuwa katika karne ya 18.

Angalia jinsi mwanzo huo ulivyofungwa vizuri. Utawala unatokana na mapatano: mimi nakupa hiki, wewe unanipa kile. Hakuna aliyetekwa. Mfalme anakuwa mfalme kwa sababu watu wameshiba, na ndiyo maana hadithi inapendwa.

Wafalme wale walikuwa na desturi moja ambayo naiona inahusu sana mambo ya mwisho. Simba Mwene alipofariki, kifo chake kilifichwa. Wazee wachache tu ndio waliojua, na habari haikutangazwa mpaka mrithi awe ameingia Vuga kutwaa mahali pake. Ndivyo ilivyosimuliwa hata juu ya kifo cha Mbega mwenyewe na kutawazwa kwa mwanawe Buge. Kwa hiyo watu hawakuona mfalme akiisha. Waliona mfalme akiendelea. Ufalme ulijipangia kuwa hadithi isiyo na ukurasa wa mwisho.

Kilele cha hadithi ni Kimweri ya Nyumbai, aliyetawala kwa karibu nusu karne, hadi mwaka 1862. Enzi zake zilishuka kutoka milimani mpaka pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Mwaka 1857 walifika Vuga Waingereza Richard Burton na John Speke. Wakati huo Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, na alitumaini kwamba mgeni yule Mzungu angempa dawa ya kumrudishia nguvu. Dawa haikuwapo. Hata mfalme mwenyewe, kama sisi, alitamani mwisho mwingine.

Alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini mwana mmoja wa Kimweri, Semboja, hakuwa mtu wa kukaa kimya. Yeye alikuwa ameweka makao yake Mazinde, chini tambarare, kwenye njia ya misafara iendayo bara. Huko pembe za ndovu zilipita kwenda pwani, na bunduki zilipita kutoka pwani. Zamani nguvu ilikaa mlimani, kwenye mvua na ardhi na ushuru wa vyakula. Sasa nguvu ilikuwa imeteremka bondeni pamoja na baruti. Karibu na mwaka 1868 Semboja alimshambulia Shekulwavu na kumfukuza Vuga. Akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu, katika kiti cha mlimani, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde kwenye biashara. Wabondei nao wakawainukia watawala wao wa Kikilindi, maasi yanayojulikana kwa jina la Kiva. Ukoo wa Shekulwavu haukukubali kushindwa, na vita vikaendelea kwa miaka mingi.

Katika miaka hiyo lilitendeka jambo ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika. Watawala walihitaji bunduki, na bunduki ilinunuliwa kwa pembe au kwa watu. Wakilindi wakawauza raia zao. Waliotekwa vitani waliuzwa, walioshindwa kulipa faini waliuzwa, na wakati wa njaa watu waliwekwa rehani kwa chakula wasikombolewe tena. Utawala ulioanza kwa Mbega kuwapa watu nyama ukafikia hatua ya kuwageuza watu wenyewe kuwa bidhaa. Mwindaji aliyewalinda wakulima dhidi ya nguruwe, wajukuu wake wakawawinda wakulima.

Sasa hebu sikiliza jinsi tunavyoisimulia. Mwaka 1974, nikiwa kijana, nilikuwa Kwai kwenye matanga, na usiku mzee mmoja mwenye ulimi mzuri alisimulia Mbega kutoka Nguu hadi Vuga, akasimulia na Kimweri, kisha akanyamaza kana kwamba amemaliza. Kijana mmoja akauliza, "Na baada ya hapo, babu?" Mzee akajibu, "Baada ya hapo wakaja Wajerumani." Watu wakatikisa vichwa, yakaisha.

Lakini palikuwa na bibi mmoja mkongwe sana, aliyekuwa amejifunika shuka karibu na mlango. Akasema kwa sauti ndogo, "Kabla ya Wajerumani, dada yake bibi yangu alipelekwa Mazinde kwa debe la mahindi. Hakurudi." Hakusema zaidi. Mzee hakumjibu, na wala hakukasirika. Baada ya kitambo mtu mwingine alianzisha habari za mvua.

Kutoka kifo cha Kimweri hadi Wajerumani kushika milima hii ni karibu miaka 30. Mzee aliivuka yote kwa neno moja, "baada ya hapo". Bibi yule aliijaza kwa mtu mmoja. Mimi nasema kwamba hapo ndipo mwisho wa hadithi yetu unapouma: si kwa kuwa ufalme ulianguka, maana falme zote huanguka, bali kwa kuwa waliouzwa hawakuulizwa. Msomaji atakumbuka maneno ya mpwa wangu.

Isidhaniwe kwamba habari hizo hazikuandikwa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, mtu aliyekaa karibu na watawala hao, Semboja akiwa mmojawapo, na baadaye akawatumikia Wajerumani huko pwani, aliandika kwa Kiswahili kitabu kikubwa kiitwacho Habari za Wakilindi. Kilipigwa chapa na wamisionari wa Magila kwa sehemu, kuanzia mwaka 1895 hadi 1907, na mwaka 1962 kikatolewa upya chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Mwandishi huyo hakuishia kwa Kimweri. Aliendelea na ugomvi, fitina na vita vilivyofuata. Ni jambo la ajabu kwamba kitabu kinachowasifu Wakilindi kwa jina kilikuwa na ujasiri wa kusimulia walivyoharibikiwa, na sisi tunaosimulia kwa mdomo tukaupoteza ujasiri huo.

Baadaye wakaja watu waliotaka kuutengeneza mwisho kwa njia ya pili, ile ya Nahum Tate. Wajerumani walimnyonga Mputa wa Vuga mwaka 1895, na kiti wakampa Kinyashi, wa ukoo wa Shekulwavu. Kinyashi hakudumu. Mapema katika karne ya 20 alikiacha kiti, na Wajerumani wakaendelea kutawala kwa maakida wao. Vita Kuu ya Kwanza ikapita, Waingereza wakaichukua Tanganyika. Mwaka 1925 alikuja Gavana Donald Cameron, na siasa yake ilikuwa ya kuwatawala watu kwa kupitia watawala wao wa asili. Wakatafutwa machifu wa kale kila mahali. Usambara walimtafuta Kinyashi, ambaye sasa alikuwa mzee, na mwaka 1926 wakamrudisha kitini kana kwamba miaka yote ile ya katikati haikuwapo.

Lilikuwa jaribio la kuigeuza hadithi. Vitu vilivyohitajika kwa mwisho mwema vilikuwapo: mfalme wa damu halali, jina kubwa, na kumbukumbu ya siku za neema. Ila mapatano ya Mbega hayakuwapo. Simba Mwene wa zamani alichukua ushuru kwa watu, nao wakamdai mvua, chakula na hukumu ya haki. Huyu wa sasa alimkusanyia serikali kodi, na aliyeweza kumwondoa si wazee wa nchi bali ofisa aliyekaa Lushoto. Mwaka 1929 Kinyashi alijiuzulu kwa mara ya pili.

Waliomfuata walibebeshwa mzigo mzito zaidi. Kuanzia mwaka 1946 serikali ilileta huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, na asiyelima alishtakiwa. Kazi hiyo iliwaangukia hasa akina mama. Machifu ndio waliotumwa kuwasukuma watu wao. Upinzani ulikuwa mkubwa, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango ule ulikuwa umekufa. Nchi ilipopata uhuru, watu wengi hawakuona sababu ya kuwalilia watawala hao, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kwa sheria Tanganyika nzima. Hivyo ufalme uliokuwa ukificha kifo cha kila mfalme ulikuja kufa hadharani, kwa kura ya Bunge, mchana.

Ningeweza kuishia hapo kwa kusema kwamba mwisho mbaya hautengenezeki. Lakini lugha yetu ya Kisambaa inanikataza. Tunayo maneno mawili ambayo wazee waliyatumia kila walipojadili siasa: kubana shi na kuzifya shi. Kubana shi ni kuiharibu nchi, na kuzifya shi ni kuiponya, kuitengeneza iwe nzuri tena. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyeishi Usambara miaka ya 1960 na kujifunza kwa wazee wetu, aliyaweka maneno hayo katikati ya kitabu chake cha mwaka 1990. Anaeleza kwamba Wasambaa waliamini nchi huharibika nguvu zinaposhindana, nguvu kwa nguvu, na hupona inapopatikana nguvu moja inayoitunza. Wakati wa Semboja na Shekulwavu nguvu zilishindana, na nchi ikabanika.

Sasa, katika fikra hiyo, kuzifya si kujifanya kwamba ugonjwa haukuwapo. Mganga anayezifya huanza kwa kuuliza: nani amekosewa, nini hakikulipwa, jina la nani halikutajwa? Hapo ndipo dawa inapoanzia. Naona neno hilo linaweza kutumika kwa hadithi vilevile. Mwisho wa hadithi huzifywa kwa kujazwa, si kwa kugeuzwa.

Tena, huzuni peke yake si kosa. Watu wa pwani wana hadithi ya Liongo Fumo, shujaa asiyeingia mkuki wala mshale, aliyekufa kwa sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Alikufa amepiga magoti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Hakuna mwisho wenye huzuni kuliko huo, na kwa mamia ya miaka hakuna aliyedai ubadilishwe. Kwa nini? Kwa sababu Liongo ndiye aliyeitoa siri yake kwa mwanawe, na mwana alidanganywa kwa tamaa akaishia kudharauliwa na wale wale waliomtuma. Kila mmoja ameulizwa aliyoyafanya. Hadithi imelipa madeni yake yote, na msikilizaji anaweza kulala.

Kwa hiyo, kama ningeombwa kuwasimulia watoto wa Kwai mwisho wa hadithi ya Mbega, ningewasimulia hivi.

Ningesema kwamba Mbega alipewa nchi kwa mapatano, na kwamba mapatano hayo ndiyo yaliyokuwa ufalme, si ngoma wala kiti. Ningesema kwamba wajukuu wake walipoanza kuwauza watu, ufalme ulikufa siku ile, ingawa kiti kilibaki na mtu juu yake. Ningewatajia Mazinde na njia ya misafara, wanapoipita kwa basi kwenda Same na Moshi, ili wajue ardhi hiyo ilipitiwa na nani. Ningewaambia kwamba wageni walikuja wakakuta kiti kisicho na mapatano, wakakitumia kama ngazi. Na ningewaambia kwamba walioibakiza nchi ni watu wasio na majina katika hadithi: waliolima viazi na mahindi kwenye miteremko hii wakati wakubwa wakipigana, wanawake waliokataa matuta ya kulazimishwa, na wale waliouzwa, ambao wajukuu wao huenda wako pwani, Unguja au Pemba, wakila vyakula vya baharini na kusema Kiswahili kizuri kuliko changu, bila kujua kwamba kuna mlima wenye baridi unaowahusu.

Mwisho huo si wa raha mustarehe. Mfalme harudi. Lakini ndani yake yule dada aliyekwenda Mazinde kwa debe la mahindi anatajwa, na kutajwa kwake ndiko kunakomfanya Mbega mwenyewe aeleweke. Mtoto akisikia tulichopoteza, ndipo anapojua kwa nini mwanzo ulikuwa mzuri.

Naona kazi hiyo haiwezi kungoja sana. Kwai ya leo ni kata ya mboga: kabichi, karoti na viazi hupakiwa kwenye malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, na vijana huondoka pamoja na mizigo. Hapa ndipo Wajerumani walipoweka shamba lao la majaribio mwishoni mwa karne ya 19, wakajaribu ng'ombe na mimea ya kwao. Shamba lile lilikwisha, na mbegu zikabaki mikononi mwa watu. Hadithi nazo ziko vivyo hivyo. Wasimulizi wenye ulimi mzuri wanapungua, na simu ina hadithi nyingi za kushindana nazo, nyingine zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Sina ugomvi na hadithi hizo. Zimewafundisha vijana wetu jambo moja la maana, nalo ni kutokubali kupewa keki tatu za ladha moja.

Basi wakija kutuuliza, "Na baada ya hapo, babu?", tusiwajibu kwa neno moja. Tukae chini, tuchochee moto, tuwaambie yote.